Filamu ya Mtu Asiyeomba

Mwalimu wangu wa zamani alipokuja nyumbani kwangu Nzuguni kuniambia anataka kitabu chake kiwe filamu, nilidhani uzee umempanda kichwani. Kitabu chenyewe nilikijua. Kila aliyefundishwa naye pale sekondari alikijua, maana yake alijaribu kukisoma akashindwa. Kilikuwa kinene kama Biblia ya madhabahuni, na katika unene wote huo tukio lilikuwa moja tu. Mkulima wa nyanda zetu hizi kavu anamzika mtoto wake wa pekee mwaka wa njaa, anarudi kutoka makaburini, anakaa kwenye kigoda mbele ya tembe lake, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, na anaapa kwamba hataomba tena kitu chochote kwa mtu yeyote. Si kwa Mungu, si kwa serikali, si kwa jirani, si kwa mkewe. Yaliyobaki ni mawazo. Anakaa anafikiri, kurasa kwa kurasa, kama mtu asiyeomba bado ni ndugu wa watu, kama anaweza kupenda, kama ana haki hata ya kushukuru.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia. "Karibu ukae. Lakini hicho kitabu hakina filamu."

"Marahaba. Kinayo."

Ile sauti ndiyo iliyoninyamazisha. Mwalimu aliyekuwa akisikika mpaka bwenini bila kupaza sauti, sasa alikuwa anakwaruza kama mtu anayeburuta gunia la kokoto. Alinieleza bila kuzunguka. Ulikuwa ugonjwa wa koo, ule mbaya. Daktari alimwambia sauti itatangulia, yeye atafuata. Na kitabu chake, kama nilikuwa nimesahau, kinaisha na yule mtu akivunja ukimya na kusema sentensi moja. Mwalimu alitaka kuisema sentensi hiyo yeye mwenyewe, mbele ya kamera, kabla sauti haijaondoka. Hakuwa na haja nyingine duniani, alisema, na usoni kwake niliona kwamba hatii chumvi.

Alinijia mimi kwa sababu nilikuwa mhariri wa filamu kwenye kitengo cha serikali Dar es Salaam, enzi serikali ilipokuwa bado inatengeneza filamu. Halafu yakaja mageuzi. Tulipunguzwa kazi kwa hotuba nzuri, tukaambiwa twende tukajiajiri, nami nikarudi Dodoma na kamera ya mkanda iliyotumika, nikajiajiri kwenye harusi na kipaimara. Mtu niliyekata filamu kwa mkasi na gundi, sasa kazi yangu ilikuwa kuhakikisha shangazi wa bibi harusi ameonekana akicheza. Nilikuwa mkali siku zile, na sikuwa na sababu ya kutokuwa mkali.

Kitabu nacho kilikuwa kimepata ya kwake. Kilichapwa mara moja na shirika la umma, na shirika lilipouzwa, nakala zilizobaki zikauzwa kwa kilo. Mwalimu mwenyewe aliwahi kununua karanga stesheni zikiwa zimefungwa kwenye sura ya nne. Alizila, akaisoma karatasi yote, akaona kosa la uchapaji lililompita wakati wa kusahihisha. Alikuwa anaisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi ilinichoma.

Tukaanza kukipunguza. Nilikwenda kwake kila nilipokosa harusi, tukakaa barazani, kitabu katikati yetu. Nilimwambia kamera haioni mawazo. Inaona mkono, uso, mlango, mbuzi. Kila sura nilimwuliza swali lile lile: hapa tutaonyesha nini? Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mtu amekaa. Na sura inayofuata? Amekaa. Nilipandwa na hasira nikamwambia watu watakula kona kabla ya nusu saa. Hakuchukia. Alisema kama amekaa vizuri, hawataondoka.

Nilichokipata hatimaye kilikuwa maji. Katika kitabu, tangu yule mtu ale kiapo, mkewe humwekea kata ya maji kando ya kigoda kila siku bila kuombwa, naye hunywa, na hujiona bado hajaomba. Kurasa za mwisho kabisa mke anaacha kuweka. Hagombi, haneni, haweki tu. Mtu anakaa na kiu yake. Ndipo mvua ya kwanza inaponyesha, kubwa, maji yanatiririka kutoka paani na kujaa uani, angekinga kiganja tu akanywa. Hakingi. Anamgeukia mkewe na kusema, "Mke wangu, nipe maji." Kitabu kinaishia hapo.

"Anaomba wakati maji yako kila mahali," mwalimu alinieleza. "Kwa hiyo si shida inayomwombesha. Ukiondoa mvua, huyo ni mtu mwenye kiu tu. Na mbuzi naye huona kiu."

Mkewe mwalimu alikuwa kando anapepeta mtama, akitusikiliza. Alikuwa mama mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyesoma madarasa machache na ambaye hakuwa amekigusa kile kitabu. Mwalimu alipotoka kwenda uani, mama aliniambia, "Huyu kajiandika mwenyewe. Tangu anioe hajaniambia nipe maji. Mimi namwekea. Akikuta hayapo anatoka kwenda kuangalia mbuzi, akirudi anayakuta." Alicheka. Kisha akarudi kwenye ungo wake na kuongeza, kwa sauti ya chini, kwamba naye angependa kuisikia hiyo sentensi.

Kabla ya yote tulibishana nani awe yule mtu. Mimi nilitaka mwigizaji mwenye afya, mwalimu aweke sauti yake mwishoni. "Mdomo wa mwingine, sauti yangu," alisema. "Hiyo ni redio." Nikamwomba anipe nafasi nifanye usaili kwanza. Tuliazima ukumbi wa parokia, wakaja watu kutoka pande zote, kwa kuwa mji wetu umejaa waliohamishiwa: vijana wa chuo, makarani wa Bunge ambalo halikuwa kwenye kikao, mwalimu wa kwaya, bwana mmoja aliyewahi kupita nyuma ya mtu kwenye filamu ya serikali. Mtihani wangu ulikuwa mmoja. Kaa kwenye kigoda, umemzika mwanao, usiseme kitu.

Hakuna aliyeweza. Walishika tama, walipumua kwa nguvu, walitazama dari kana kwamba Mungu amepanda kwenye kenchi. Kijana wa chuo aliniuliza karakta wake ana historia gani, nikamwambia amefiwa, akasema hiyo haitoshi. Karani mmoja alilia machozi ya kweli, halafu akayafuta haraka na kuniuliza kama amefaulu. Nilichoka mpaka nikageuza kamera pembeni ili nisimwone anayefuata. Kwenye kioo akaingia mwalimu, amekaa kwenye benchi la nyuma tangu asubuhi, mikono juu ya fimbo, anangoja. Hakuwa anafanya kitu chochote usoni, na huwezi kuacha kumtazama. Niliuacha mkanda uende, kisha nikawashukuru wote na kuwaambia warudi makwao.

Nafasi ya mke nilimpa kwanza mke mwenyewe. Alikataa bila hata kuacha kusuka ukili. "Akitaka kuniomba maji, aniombe nyumbani. Siwezi kuombwa mbele ya watu halafu nyumbani ninyamaziwe." Tukamchukua mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, mama mjane aliyekuwa akiigiza Mateso ya Bwana kila Ijumaa Kuu, mtulivu, mtiifu, anayefanya alichoambiwa na hapunguzi wala haongezi. Mkewe mwalimu alikubali kuja kila siku, lakini nyuma ya kamera, ili amwangalie mgonjwa wake.

Na alikuwepo mtani. Jirani yake mwalimu alikuwa Mhehe, mstaafu wa reli, na kwa kuwa Wahehe na Wagogo ni watani, wawili hao walikuwa wametukanana kwa raha miaka yote waliyoishi ukuta kwa ukuta. Alikuja kutuendeshea pikapu, akaishia kushika bati jipya la kurudishia mwanga usoni kwa mwalimu. Aliiga sauti ya mwalimu, ile ya zamani, ya darasani, kiasi kwamba akimwita mkewe mwalimu kutoka ng'ambo ya ua, mama huitika "Abee" na kutoka nje. Nilipomsimulia kisa cha kitabu aliangua kicheko.

"Ndiyo Wagogo hawa! Wenzake wanaomba kwa mkono, yeye kaomba kwa kitabu. Kurasa zote hizo anazunguka, kumbe mwisho wake nipe maji!"

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamkata pumzi. Baadaye alisema wasomi wengi wamekizungumzia kitabu chake, lakini ni huyu Mhehe mla mbwa peke yake aliyekifikisha mwisho.

Kutengeneza filamu ya mtu asiyeomba ilibidi tukaombe. Mkanda wangu wa harusi haukutosha, wala mafuta ya gari. Tulikwenda kwenye ofisi ya wafadhili mjini, tukapokelewa na kijana mwenzetu mwenye tai aliyetaka kujua ujumbe wa filamu. Nilieleza. Akauliza tena ujumbe ni upi. Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu, hajafungua kinywa tangu salamu.

"Mzee anasemaje?" kijana aliuliza.

"Mzee haombi," nilimjibu. "Naomba mimi."

Walitupa mikanda na mafuta kwa sharti kwamba filamu ionyeshe umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa. Ndiyo maana katika filamu yetu ya falsafa yupo mwanamke anayechemsha maji mpaka yanatokota, anayafunika, anayaacha yapoe, kwa utulivu mkubwa. Nilitaka kukataa. Mwalimu alisema sharti halina ubaya, kwani hata mke wa kitabuni asingependa mumewe afe kwa kuhara.

Tulipiga picha kwenye kijiji kimoja nyuma ya Ihumwa, mahali ambapo treni husikika lakini haionekani. Mwenye boma alikuwa amejenga nyumba ya bati na kuliacha tembe lake la zamani limesimama, akatuazima. Tulifanya kazi wakati wa kiangazi, vumbi likiingia mpaka ndani ya kamera. Mwalimu alikaa. Asubuhi alikaa kivulini, mchana alikaa juani, mpiga chapa akaweka kata, akaondoa kata. Kwa kuwa karakta wake hasemi, nilimwagiza na yeye asiseme, tusubiri mvua. Alinitii. Aliitunza sauti yake kama mtu anavyotunza mbegu wakati wa njaa, akawa anatuelekeza kwa vidole na nyusi, na mtani akawa anatafsiri kwa uongo ili amchekeshe. Jioni tulipomrudisha nyumbani niliona jinsi anavyomeza mate kwa shida, nikawa naomba moyoni mvua iwahi, mimi ambaye sikuwa mtu wa sala.

Picha zote zikaisha, ikabaki ile moja. Mwezi wa mvua ukafika, mawingu yakaja, yakakaa, yakaondoka. Watu wa kijiji walikuwa wameshatifua mashamba wakapanda kwenye vumbi, kama desturi, na mbegu zilikuwa chini zinangoja. Krismasi ikapita. Mwalimu sasa alikula uji tu, na uji wenyewe kwa kijiko cha mtoto.

Nikaona nisicheze na wakati. Nilipanga kuazima mapipa, tuyajaze maji, vijana wapande paani wamwage kwa keni za bustani. Kwa kamera yangu ile, hakuna ambaye angejua tofauti. Pipa la kwanza lilipofika, mama wazee watatu wa boma walikuja kunisalimia. Walikaa chini kwanza, wakauliza habari za nyumbani, wakauliza za mgonjwa. Kisha mkubwa wao akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, njaa mmeigiza, hatukusema. Msiba mmeigiza, hatukusema. Mvua haiigizwi. Ukiicheza kabla haijaja, inajua imeshanyesha, inapita." Akanyoosha mkono kuelekea mashambani. Mwingine akaongeza kwamba maji yale yalichotwa korongoni, kwa kufukua mchanga, na kuyamwaga chini mbele ya watoto si vizuri.

Nilichemka. Nilimfuata mwalimu nikitegemea mtu aliyesoma falsafa mpaka ng'ambo atanisaidia kuwaelewesha. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. Alikuwa upande wao.

"Basi tuinase sauti peke yake," nilisema. "Leo, ndani ya chumba. Nitaipachika mimi."

Akaninong'oneza, na ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake. "Nikisema leo, nitakuwa na kiu tu."

"Mwalimu, utakufa na sentensi yako mdomoni."

Nilimwambia hivyo hivyo, waziwazi, mkewe akisikia. Hakukasirika. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia darasani nilipopata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na akaifunga blanketi yake shingoni. Nilitoka nje nikalia kwa hasira nyuma ya pikapu. Nilimpenda yule mzee, na nilimwona anaitupa haja yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mvua ilianguka Januari, adhuhuri, bila mawingu ya kutangulia ya kutosha kumtahadharisha mtu. Mtani alikuja mbio na pikapu. Tulimpitia mpiga chapa ofisini kwake, akatoka bila kuomba ruhusa, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa kubwa. Mwalimu tulimbeba, mimi na mtani, na hakuwa na uzito wa kumchosha mtu. Njiani barabara ilikuwa imeshakuwa mto. Kijijini watoto walikuwa uchi uani wanacheza, na wale mama wazee walisimama mlangoni wakaniangalia.

Tulimkalisha kwenye kigoda chini ya upenu wa tembe. Maji yalimwagika kutoka paani mbele yake kwa kishindo. Mpiga chapa alisimama mlangoni, kata mkononi, na maagizo yake yalikuwa yale yale ya siku zote: asisogee mpaka asikie sentensi. Mimi nilikuwa chini ya turubai na kamera, mkewe mwalimu ubavuni pangu, kanga kichwani, kikombe cha maji ya mgonjwa mkononi. Nikavaa spika za masikioni, nikawasha.

Alikaa muda, kama tulivyokubaliana. Akaitazama mvua. Kisha akainua uso na kufungua kinywa.

Nilisikia mvua. Nilidhani kishindo kimemfunika, nikazikandamiza spika masikioni, nikasikia mvua. Kwenye kioo niliona koo lake linapanda na kushuka, mishipa imesimama, midomo inakwenda. Hakikutoka kitu. Alifunga kinywa, akapumzika, akajaribu tena. Mpiga chapa alisubiri sentensi yake, mtiifu mpaka mwisho. Nilihisi mkewe mwalimu anapiga hatua moja mbele ubavuni pangu, halafu anasimama. Sikuzima kamera. Sikujua mtu anazimaje kamera mahali kama pale. Alijaribu mara nyingine, kisha akakifunga kinywa kabisa na kutazama miguu yake. Mpiga chapa, kwa huruma, akaja akaweka kata kando ya kigoda kama alivyozoea. Mwalimu alitikisa kichwa. Hakuyanywa.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, nilimwuliza mama kwa nini alianza kwenda akasimama.

"Hakuwa ananiomba mimi," alisema. "Alikuwa anamwomba yule."

Mwalimu alifariki kabla mtama haujapaliliwa mara ya pili. Siku za mwisho alilazwa hospitali, ile ya zama mpya ambapo unakwenda na kila kitu chako mpaka glovu za nesi, na hata maji hayakuwa yanapita kooni. Mama alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Nilikuwa nikikaa naye, na sikumbuki mtu yeyote akisema neno mle wodini isipokuwa waliokuja kudai malipo.

Mazishini mtani alifanya kazi yake. Aliingia amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu, akatembea kama marehemu, akasahihisha waombolezaji Kiswahili chao. Watu wakaanza kucheka kwa shida. Jeneza lilipofika, alijilaza ukingoni mwa kaburi, akazuia njia, akakataa kuondoka. Kisha akaita, kwa ile sauti ya kabla ya ugonjwa, ile iliyokuwa ikifika bwenini.

"Mke wangu, nipe maji!"

Watu waliangua kicheko. Hata mjane, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wenzake, alicheka huku kamasi zinamtoka. Alijinasua, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akarudi na kikombe, akampa. Mtani aliyanywa yote, akajifuta mdomo, akapisha jeneza. Mimi nilikuwa nimekuja kuzika, kamera niliiacha nyumbani.

Arobaini ilipopita nilimfuata mtani. Nilimwambia anisaidie, sentensi moja tu, nyumbani kwangu, nitaipachika kwenye ule mdomo na hakuna atakayejua. Aliniuliza kama nina akili timamu.

"Pale nilikuwa namtania, na yeye yuko palepale ananisikia. Utani wetu umeisha, tumeufukia. Nikiisema kwako kwenye chombo, nitakuwa nimemwibia marehemu sauti."

Sikumbembeleza. Niliihariri filamu kama ilivyo, mtu anafungua kinywa, mvua inanyesha, basi. Wafadhili walipelekewa nakala, wakasifu sana pale maji yanapotokota.

Mama alitaka kuiona, ila si kwenye televisheni yangu ndogo. Alitaka aione pamoja na watu, kwa kuwa mumewe aliitengeneza kwa ajili ya watu. Nikazungumza na bwana mwenye banda la video hapa Nzuguni, aliyekuwa akionyesha filamu za ngumi za Wachina, akakubali kuiweka mchana mmoja. Watu waliingia kwa kuwa walisikia imepigwa Ihumwa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, tukakaa kwenye mabenchi, mimi na mama mbele kabisa. Wengine waliondoka mapema, kama nilivyomtabiria mwalimu. Lakini wengi walikaa, kimya kuliko nilivyotegemea, wakimtazama mzee aliyekaa.

Mvua ikanyesha kwenye skrini. Mwalimu akafungua kinywa.

"Sauti!" mtu akapiga kelele nyuma. "Wewe, fungua sauti!"

Wakadakia wengine. Miluzi ikaanza, mabenchi yakagongwa, wakamtukana mwenye banda kwamba mkanda wake mbovu. Yeye akazungusha kitufe mpaka mwisho, ile mvua ikanguruma kwenye spika mpaka mabati yakatetema, na mwalimu akawa anahangaika na koo lake mbele ya watu wanaomzomea fundi. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha ikaisha, wakatoka wakilalamika wamekatishwa mwisho, na jua likaingia mlangoni.

Mama hakuinuka. Alimwambia mwenye banda, "Mwanangu, rudisha kidogo."

Akarudisha. Mwalimu akafungua kinywa.

"Tena."

Mara hii mama alisimama, akaenda mpaka usoni pa televisheni, akainama. Nilimfuata nimshike mkono, nikidhani anaangalia midomo. Alikuwa anaangalia macho. Nilikuwa nimeyaona macho yale wakati wa kuhariri, nikayachukulia kuwa kosa la mtu asiyejua kuigiza: kwa sentensi ya mwisho alitakiwa amgeukie mpiga chapa, aliyekuwa mlangoni kushoto kwake, yeye akatazama mbele, pembeni kidogo mwa kamera, upande wake wa kulia. Nilisikitika wakati ule kwamba sikuwa na picha nyingine ya kubadilishia.

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?" mama aliniuliza.

"Kwenye kamera."

"Na mimi?"

Nilinyoosha kidole pale macho ya mwalimu yalipoelekea, ubavuni pangu. Alijua. Alibaki ameinama, uso wake karibu na ule wa mwalimu, akimtazama anavyojaribu mara ya pili, na mara nyingine.

"Na maji nilikuwa nayo mkononi," alisema.

Mwenye banda aliuliza kama arudishe tena. Mama hakumjibu, naye akarudisha.